Majani ya Mkorosho Kisimani

Mwanaidi alipofariki nilimlilia mbele za watu kama ilivyopasa, kisha nikaingia chumbani, nikashusha pazia, na hapo ndipo nilipojua kwamba kilichonikaa kifuani hakikuwa majonzi peke yake. Kulikuwa na hofu. Kwa miaka hamsini tulikuwa wawili tunaojua jambo lile, na sasa nimebaki mimi. Tumeishi nyumba moja hapa Kibiti miaka kumi na minne, nyumba ya mwanawe Maulidi, ambaye tangu anajifunza kusema ananiita Mama Mdogo ingawa sina damu moja na mama yake. Tumekula sahani moja, tumegombana juu ya tumbaku na juu ya nani kamaliza sukari, na hata siku moja hatukulitaja. Likikaribia mdomoni, mmoja wetu alisimama akaenda kutazama chungu jikoni, hata kama jikoni hakuna moto.

Pengine ningekwenda nalo kaburini kama yeye, isipokuwa Maulidi kaamua kutia pampu. Biashara ya mbao imemnyookea, kajenga bafu la matofali nyuma ya nyumba, na anataka maji yamwagike kutoka juu kama anavyoona kwa wakubwa wa Dar es Salaam. Wiki ya pili baada ya matanga alimleta kijana mmoja fundi wa mashine za petroli, mtanashati, kalamu sikioni. Nilikuwa barazani nachambua mchele. Nikamsikia yule kijana akiuliza: mko watu wangapi humu ndani? Kwa siku mnatumia maji kiasi gani? Tangi litakaa juu kiasi gani? Halafu akasogea kisimani, akachungulia, akasema, "Na hiki kisima, Mzee Maulidi, ukikiteka mpaka chini kinarudisha maji baada ya muda gani?" Ungo ukanitoka mikononi, mchele wote ukamwagika. Maulidi alikuja mbio. "Mama Mdogo, vipi?" Nikamwambia ni kizunguzungu. Uongo wangu umekuwa mwepesi siku zote.

Ya ukoo wangu sitayasema, wala nilivyofika kijiji kile. Itoshe kwamba mwaka wa vita vya Majimaji nilikuwa na umri wa kama miaka kumi na saba, nimeolewa, mume wangu analima pamba ya amri na mgongo wake unaijua fimbo ya msimamizi, na mimi ni mmoja wa wanawake wanane waliotolewa na jumbe, mkuu wa kijiji, kuchota maji ya nyumba ya Bwana. Kijiji kilikuwa upande wa Chumbi, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea mikoko ya delta. Bwana alikuwa Mjerumani mwenye shamba la pamba. Jina lake la kwao hatukuliweza, tukimwita Bwana Nyundo kwa namna alivyogonga meza anaposema. Alijenga nyumba ya mbao juu ya nguzo, vyumba saba, bati juu, na kila tone la maji lililoingia nyumba ile liliingia juu ya vichwa vyetu. Alfajiri tulijaza mapipa matatu ya jikoni, asubuhi tukanywesha punda, jioni tukamwagia bustani yake ya maua ambayo hayaliwi na mtu wala mnyama.

Kisima kilikuwa cha kijiji, cha tangu wazee, kimezungushiwa magogo, na kilikuwa na adabu zake. Kila mtoto wa kike alifundishwa: chota juu juu kwa kata ya kifuu, usizamishe chombo mpaka chini, na adhuhuri kiache kipumzike. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Tulidhani ni heshima tu, kama vile kutokaa mlangoni magharibi. Kumbe wale bibi zetu walijua kwamba maji matamu yamelala juu, tena membamba, na chini yake iko chumvi iliyotambaa chini kwa chini kutoka baharini. Ujuzi wao ulitufikia sisi umebaki adabu peke yake, na kwa kuwa ni adabu ya wanawake hakuna mwanamume aliyewahi kuiuliza.

Jikoni kwa Bwana palikuwa banda la nyuma lenye moshi wa kudumu. Mpishi wake, Mzee Feruzi, alikuwa na jicho moja na ndimi tatu. Ungemkuta anasema na chungu, anasema na paka, anatusema sisi. Mwaka ule alianza kunyamaza. Tulipokuwa tukimenya muhogo tulisikia nyayo za watu wengi zikipita njia ya nyuma, watu wa bondeni na wa milimani, wanaume peke yao, wanakwenda Ngarambe kwa mganga. Walikwenda wakizungumza, wakarudi hawazungumzi. Wengine walikuwa na majani ya mtama yamefungwa kichwani, na ulipowaamkia walikutazama tu wakapita. Siku moja nilimuuliza Feruzi, "Babu, huko wanakwenda kutafuta nini?"

"Maji."

"Maji si yapo mtoni?"

"Haya ukinywa na kujipaka, risasi ya Mzungu inageuka maji."

"Nani kasema?"

Akaacha kumenya, akanitazama kwa lile jicho lake. "Hakuna aliyesema. Wewe umemsikia mtu kasema?" Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza kila kitu na siulizi tena. Mume wangu naye alianza kula upesi na kutoka, na kurudi miguu ina vumbi jekundu, vumbi ambalo halikuwa la shamba letu.

Lakini mimi na Mwanaidi tulikuwa na hofu yetu nyingine, ndogo kwa macho ya wanaume, na kwetu kubwa kuliko vita. Mwanaidi alikuwa mwembamba, mcheshi, hodari wa kuiga sauti za watu, na alikuwa amepoteza mimba mbili chini ya debe la Bwana. Ya kwanza ilitoka njiani, kati ya kisima na mapipa, na msimamizi akamwambia amalizie safari yake kwanza. Sasa alikuwa na ya tatu, miezi mitano, inacheza. Alinishika mkono nikaisikia. "Zuhura shoga yangu," alisema, na safari hii hakuiga sauti ya mtu, "hii nayo ikitoka, mimi sirudi nyumbani. Mtaniokota mtoni." Alisema hivyo tu, akajitwisha debe lake tukaondoka. Nilimwamini.

Hapo ndipo alipokuja fundi. Hamadi bin Saidi, mtu wa Kilwa, umri wa kama miaka thelathini na mitano, kanzu safi na mikono myeusi ya mafuta ya mashine, alijifunza kazi kwenye karakana ya meli Dar es Salaam. Alikuja na wapagazi na masanduku mawili ya mbao, kila moja lina bomba la kuvuta maji, moja dogo na moja kubwa, yote ya mpini mrefu wa kupandisha na kushusha kwa mikono. Bwana aliyaagiza yote mawili kwa kuwa hakujua lipi linafaa. Huyo fundi alikuwa mwanamume wa kwanza pale nyumbani kutuamkia. "Hamjambo, mama zangu," alisema, na Mwanaidi akageuka nyuma kutazama hao mama zake ni nani. Fundi alicheka. Akala nasi pale jikoni, yeye mkekani na sisi kando, muhogo na kambale wa kuchoma, akatuambia ana binti wa miaka tisa anayesoma chuoni na sasa yuko juzuu ya Amma, na kwamba akimaliza kazi hii atawahi nyumbani kumfanyia karamu. Akanisomea aya alizomfundisha, kwa sauti ya kitoto, kama binti anavyozisoma. Nilimpenda kwa hilo, kama unavyompenda kaka.

Kazi yake aliifanya waziwazi, na mtu akisimama kutazama alimweleza. "Bomba lina maswali matatu," alituambia. "La kwanza, nyumba inataka maji mengi kiasi gani. La pili, yapande wapi. La tatu, kisima kinatoa kiasi gani. Mabwana wote hupenda kujibu mawili ya kwanza." Akatuhesabisha madebe: ya jikoni manne, ya kuoga sita, ya kufua matano, ya punda mawili, ya bustani kumi na sita. Akapima kwa kamba yenye mafundo, kila fundo pima moja, toka usoni mwa maji hadi mdomo wa kisima, na toka ardhini hadi juu ya nguzo za mvule zitakazobeba tangi. Bwana alitaka tangi liwe juu sana ili maji yamwangukie bafuni kwa nguvu. Fundi alisema sawa, kadiri tangi linavyopanda ndivyo maji yanavyoshuka kwa nguvu, lakini kadiri linavyopanda ndivyo mpini unavyokuwa mzito kwa anayeusukuma. Na bomba lenyewe lazima liwekwe karibu na maji, maana likiwa juu mno litanyonya hewa tu. Yote hayo aliyasema kwa upole, na Bwana aligonga meza.

Nilikuwa nafagia ukumbi siku waliyokubaliana, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu. Fundi alisema bomba dogo lingetosha jikoni, kuoga na kufua. Bwana akasema basi bustani itaendelea kumwagiwa na wanawake, na likiwekwa kubwa wanawake wote warudi kwao, hana haja nao tena. Fundi akajibu kwamba hataamua yeye, kitaamua kisima. Ijumaa, kabla ya sala, atakiteka mpaka alama aliyoiweka kwenye fimbo, akiache, na akirudi msikitini atatazama kimepanda kiasi gani. Kikipanda shubiri mbili ataweka kubwa. Kisipopanda, ataweka dogo, hata Bwana akivunja meza. Nilitoka na ufagio wangu nikamwendea Mwanaidi, nikamwambia, shoga, hutabeba tena debe. Hakuniuliza vipi.

Ijumaa ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Adhuhuri, jua limesimama, wanaume wote wako msikitini, Bwana kalala, kuku wamejikunyata kivulini. Kisima kilikuwa wazi na ile fimbo imesimama ndani. Nikachungulia. Maji yalikuwa yamepanda kama upana wa vidole vinne, basi. Mwanaidi akakaa njia panda kulinda, mkono tumboni, na mimi nikaanza kuhamisha maji kutoka mapipa ya jikoni, maji tuliyoyachota wenyewe alfajiri, nikiyarudisha yalikotoka. Madebe kumi na moja. Sikukimbia, maana anayekimbia huonekana. Mikono ilifanya ilivyozoea: ukijaza debe unachuma jani pana unaliweka juu ya maji ili yasichezecheze njiani. Mkorosho ulikuwa ubavuni pa jikoni, nikachuma jani kila safari bila hata kufikiri. Nilipomimina debe la mwisho nilisikia imamu akitoa salamu ya kumaliza, sauti imekuja wazi kabisa katika ule ukimya. Mapipa tukayajaza upya kwa maji ya dimbwi la mpunga, na Feruzi alipika kwa maji hayo hayo.

Fundi alirudi, akapiga goti, akaitazama fimbo. "Shubiri mbili na nusu. Mashallah." Kisha akainama zaidi, akaokota jani moja majini, akaligeuzageuza. Akatazama huku na huku. Pale kisimani hapakuwa na mti wowote, na mkorosho ulikuwa mbali, ng'ambo ya ua.

"Upepo leo," nikamwambia.

"Upepo," akakubali, akalitupa jani. Hapakuwa na upepo.

Wiki iliyofuata bomba kubwa lilifungwa. Wanaume wawili walishika mpini, mmoja huku mmoja huku, na maji yakapanda tangi yakiguruma, kijiji kizima kikaja kutazama. Bwana alisimama bafuni na nguo zake zote, maji yakamwangukia, akacheka kwa sauti kubwa, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akicheka. Sisi wanane tukaambiwa twende. Mwanaidi alilala siku mbili mfululizo. Akanenepa, akarudia kuiga watu, akamwiga Bwana bafuni mpaka tukaanguka kwa kucheka. Nilijiona nimefanya jambo kubwa la busara. Naliandika hili kwa haya, lakini ni kweli, nilijiona mwenye akili kupita wanaume wote.

Ilianza na wali. Mama mkwe wangu alitema tonge akaniuliza kama nimetia chumvi mara mbili, nami nilikuwa sijaitia hata mara moja. Siku ya pili uji ulikuwa hivyo hivyo. Kwa Bwana sabuni ikakataa kutoa povu, maua yakaungua majani. Watoto walikunywa, wakakunja uso, wakaomba tena maji. Katika wiki tatu kisima cha wazee kikawa chumvi tupu, na wanawake wa kijiji kizima wakaanza kwenda mtoni, mwendo wa asubuhi nzima, kwenye mamba. Mmoja alishikwa mkono, akapona kwa kukatwa. Fundi, aliyekuwa bado yupo akijenga tangi la pili, alikuja kisimani akaonja, akatema, akakaa chini kwenye gogo. Nilikuwa pale na mtungi mtupu.

"Nyinyi mnachota juu juu," alisema. "Nimewaona. Nani kawafundisha?"

"Mama zetu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza," nikamjibu, na sauti yangu ilitoka kali.

Alikwenda kumwomba Bwana waliondoe bomba kubwa. Bwana hakuwa na masikio ya bomba tena. Habari zilikuwa zimefika kwamba milimani watu wameng'oa pamba, kwamba maduka ya pwani yamechomwa, na kwamba mtu wa pwani mwenye kanzu akionekana njiani anauawa sawa na maakida, wale watawala wadogo wa Wajerumani. Asubuhi moja Bwana alipanda punda na bunduki zake akaenda bomani Mohoro. Alimwambia fundi wafuatane. Nilisikia jibu kwa masikio yangu, maana nilikuwa nimekuja kuomba majivu kwa Feruzi. Fundi alisema, "Nina kazi ya siku tatu. Nikiling'oa hili na kuweka dogo, kisima kikapumzika masika mawili, huenda kikarudi. Watu hawa hawana kingine." Bwana akamwambia wewe mpumbavu, akaondoka. Feruzi naye aliondoka siku hiyo hiyo, hakuaga, akaliacha banda na moto wake. Fundi akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba saba, na mchana kutwa tulisikia nyundo yake kisimani, kwa, kwa, kwa.

Siku ya tatu mtu wa dawa aliingia kijijini. Alikuja na vijana wenye mikuki, vibuyu kiunoni, mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, na wanaume wetu wote walikuwa wakimngoja. Wakati huo ndipo nilipojua lile vumbi jekundu la miguu ya mume wangu lilitoka wapi. Alisema dawa itachanganywa na maji ya kisima cha kijiji chenyewe, yale waliyoyanywa tangu wazaliwe. Yakachotwa. Akaonja kabla ya kutia dawa, uso ukambadilika. Mume wangu na wenzake wakaonja nao, wakatema. "Maji haya yameuawa," alisema yule mtu, taratibu, hata hakupaza sauti. "Nani kayaua?" Kila mtu akageuka kutazama kisimani, na pale kisimani alikuwa ameinama mtu mmoja wa pwani, kanzu ameipandisha kiunoni, ameshika chuma cha Mzungu.

Walimfunga kwenye nguzo ya tangi aliyoisimamisha yeye. Nikaambiwa nimpelekee maji ya kunywa, kwa kuwa wazee walitaka asikilizwe kwanza barazani. Nilimshikia kata mdomoni. Alikunywa, kisha akasema kwa sauti ya kunisikia mimi tu, "Zuhura. Ile Ijumaa. Yale majani ya mkorosho yalitoka wapi?" Nikamrudishia kata mdomoni. Mwanaidi alikuwa amesimama nyuma yangu kidogo, mimba yake ya miezi minane imejaa. Fundi akamtazama yeye, akalitazama tumbo, akanitazama mimi, na niliona anavyohesabu, kama alivyohesabu madebe. Hakuuliza tena. Aliomba nimpanguse jasho machoni, nikampangusa kwa upande wa kaniki yangu.

Barazani jumbe alisimama mbele ya yule mtu wa dawa akijionyesha mkali, maana na yeye alikuwa amekula na Wajerumani. Akatuita wanawake tuliokuwa tukichota. "Nyinyi mnakijua kisima. Siku alipokipima mlikuwapo. Semeni, alifanya nini humo? Alitia kitu?" Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: hakutia kitu, tulimwaga sisi, mimi ndiye. Nikatazama mikuki, nikamtazama mume wangu ambaye hakunitazama, nikasema, "Sijui. Sikuwapo." Mwanaidi nyuma yangu akavuta pumzi ya kusema, niliisikia, na naapa angesema, yeye alikuwa na moyo kuliko mimi. Lakini fundi alimwahi. "Msiwaulize wanawake," alisema kwa nguvu. "Kupima ni kazi yangu. Nilipima vibaya. Kosa ni langu peke yangu." Mtu wa dawa akakubali kwa kichwa, maana hilo ndilo alilotaka kusikia. Wanaume wanne wakamchukua kwa njia ya mtoni. Alipopita karibu yangu alikuwa akisoma, midomo inacheza, nikatambua ni aya zile zile za binti yake. Wale wanne walirudi peke yao kabla ya alasiri wakanawa miguu, wakaketi kula na wenzao.

Ya vita wengine wameyasimulia na mimi niliyaona machache. Wanaume wetu walikunywa dawa iliyochanganywa na maji ya mto, wakaenda. Mume wangu hakurudi. Askari walipokuja walichoma nyumba na maghala ya mpunga, tukakimbilia deltani kwenye mikoko, tukala mizizi na kaa, na huko, juu ya kitanda cha boriti zilizofungwa kwa kamba, Mwanaidi alimzaa Maulidi, mzima. Kamba yenyewe ilikuwa ya fundi, ile yenye mafundo. Niliiokota kisimani siku ya kukimbia, sijui kwa nini, na ninayo mpaka leo. Kilwa nimewahi kufika, mara mbili, kwa harusi. Ningeweza kuuliza nyumba ya Saidi, baba wa fundi, nikaulizia yule binti. Mara zote mbili nilikaa ndani na wanawake wenzangu, nikala pilau, nikarudi.

Jana yule fundi kijana alirudi na majibu yake. Maulidi anataka mashine kubwa. Kijana akasema atakipima kisima leo, atakiteka na kukiacha muda wa sala. Nikamwita Maulidi chumbani, nikamkalisha kitandani pa mama yake, nikamwekea ile kamba magotini, nikamweleza yote, kuanzia vumbi jekundu mpaka kitanda cha boriti. Ni mtu wa miaka hamsini, sauti yake ikiita wapakiaji wa lori wanaruka, lakini alisikiliza kama mtoto wa chuoni. Nilipomaliza hakunilaumu wala hakunifariji. Aliuliza kitu kimoja tu, "Jina lake kamili, Mama Mdogo?" Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, akatoka.

Leo ilikuwa arobaini ya Mwanaidi. Kabla ya watu kuja niliweka kiti changu karibu na kisima, nikakaa na bakora yangu, na hakuna mwanamke wala mtoto aliyekisogelea. Nikatazama maji yakipanda yenyewe. Shubiri moja, haikufika moja na nusu. Kijana akaandika mashine ndogo, na Maulidi akasema ndogo hiyo hiyo. Kisha hitima ikasomwa, wanaume barazani, sisi wanawake uani, na ilipofika dua nikamsikia Maulidi akimtajia shehe majina ya wa kuombewa: mama yake Mwanaidi, baba yake, babu zake. Halafu akasema, "Na marehemu Hamadi bin Saidi, mtu wa Kilwa." Barazani watu wakatazamana, kisha shehe akalitaja. Miaka hamsini, sikuwahi kulisikia jina lile kwa sauti ya mtu mwingine. Nililia, na safari hii sikulia kwa ajili ya watu. Jirani yangu akaniinamia akanong'ona, "Bi Zuhura, huyo Hamadi ni nani kwenu?"

"Fundi wetu," nikamwambia. "Aliyepima kisima chetu. Hakukosea."